Mkunga ni nani hasa? Maana wote tumewajumlisha tukawaita nesi

Juzi Jumapili tulienda Igoma, hapa Mwanza, kumuona mzazi. Mdogo wangu kapata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mama mzima mtoto mzima, na sisi tukaingia na mabeseni yetu, kanga, sabuni na sato wa kutengeneza supu kama ilivyo ada. Sasa tupo tunakula, shemeji akatoa la moyoni. Anamshukuru Mungu sana, lakini ana dukuduku, tangu mke wake anapokelewa saa nne usiku mpaka anatoka leba alfajiri hakuonwa na daktari hata mmoja, "kazalishwa na manesi tu". Hilo "tu" alivyolitamka ungedhani mkewe kazalishwa na mlinzi wa getini.

Hapo ndo nyumba ikawaka. Mama mkubwa aliyekuja kutoka Nansio, kule kisiwani Ukerewe, akasema yeye watoto wanne kati ya sita walipokelewa na bibi mmoja pale kijijini, na hakuona nesi wala daktari. Jirani akadakia, eeh sasa huyo bibi ndo mkunga, hawa wa hospitali ni manesi. Kijana wa bodaboda akauliza kwani nesi na mkunga si kitu kimoja? Mwingine kutoka kwenye kona akasema mwanaume hawezi kuwa mkunga, ni mwiko. Mpaka tunapanda daladala kurudi hakuna aliyemuelewa mwenzake, na ukweli ni kwamba kila mtu alikuwa anamuongelea mtu tofauti kwa jina lile lile.

Mimi nina binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndo kazi yake hiyo kwenye zahanati moja ya huku ufukweni (siitaji, ataninunia). Nimemsumbua kwa simu wiki nzima, nikasoma na mimi kidogo, na nimeona niandike maana hii fujo haipo Igoma peke yake.

Tuanze na majina

Kwenye zahanati ya kawaida mtu yeyote wa kike aliyevaa sare anaitwa nesi, na mtu yeyote wa kiume anaitwa daktari. Ndivyo tulivyo. Lakini humo ndani kuna watu wa aina tofauti kabisa.

Muuguzi ni yule aliyesomea kumhudumia mgonjwa, awe wa malaria, wa ajali, wa kisukari, mzee au mtoto. Mkunga amesomea kitu kimoja, safari nzima ya uzazi, kuanzia kabla ya mimba (uzazi wa mpango umo humo), mimba yenyewe, uchungu, kujifungua, halafu mama na kichanga katika zile wiki sita za mwanzo. Kinachotuchanganya ni kwamba Tanzania wengi wanasoma vyote viwili kwa pamoja, cheti au stashahada yao imeandikwa kabisa uuguzi na ukunga, kwa hiyo mtu mmoja anakuwa na kofia mbili na jina lake kamili ni muuguzi mkunga. Wapo pia waliosoma ukunga peke yake mpaka digrii, ila hao ni wachache bado na huku kwetu vijijini sijui kama utakutana nao kirahisi.

Hawa wote wanasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Bila usajili na leseni ya Baraza huruhusiwi kuifanya kazi hiyo. Yaani leseni kama ya dereva tu, unaweza ukawa unajua kuendesha vizuri sana lakini trafiki hakuulizi unajua, anakuuliza iko wapi.

Halafu kuna mhudumu wa afya, huyu anasaidia usafi, kupanga vifaa, kupeleka sampuli, naye kavaa sare na naye tunamuita nesi. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba huko mtaani. Na kuna tabibu. Hapa wengi watashangaa: yule "daktari" wa zahanati aliyekupima ukaandikiwa dawa ya malaria, mara nyingi sio daktari, ni tabibu, amesoma miaka yake mitatu ya stashahada na anafanya kazi nzuri tu lakini sio yule wa digrii ya udaktari. Kwenye zahanati nyingi daktari wa namna hiyo hayupo kabisa na haikupangwa awepo. (Na tusisahau kwamba bosi wa afya wa wilaya nzima cheo chake ni Mganga Mkuu, halafu kuna yule mganga mwenye kibuyu, hii lugha yetu nayo inatutesa.)

Mwisho ndo mkunga wa jadi, yule bibi wa mama mkubwa. Huyu kafundishwa na mama yake au na maisha, hana leseni, mara nyingi hana hata glavu. Neno mkunga kwa asili ni lake maana linakaa jirani na kunga, yaani siri na mafundisho ya ndani ya wanawake. Wa kwenye kliniki wamelirithi neno, lakini ndani ya neno kuna kazi nyingine kabisa. Na ukienda pwani mkunga ni samaki, mrefu kama nyoka, ila huyo tumuache.

Kwa hiyo shemeji alipolalamika kwamba mkewe kazalishwa na nesi tu, kwa uwezekano mkubwa kazalishwa na muuguzi mkunga mwenye leseni. Yaani mtu sahihi kabisa aliyepaswa kuwepo pale.

Kwa nini daktari hakuja

Hili ndo lilimuuma zaidi, na naelewa, sisi tumezoea kwamba mkubwa akija mwenyewe ndo umeheshimiwa.

Ila mimba sio ugonjwa. Daktari kasomea mwili ulioharibika, afanye nini uwe sawa. Mkunga kasomea mwili unaofanya kazi yake ya kawaida, namna ya kuusindikiza bila kuuharibu, na zaidi ya yote namna ya kujua dakika ile ambapo ukawaida umeisha. Hiyo sehemu ya mwisho ndo kazi yenyewe na ndo tusiyoiona, kwa sababu ikifanyika vizuri haina tukio.

Wa huku ziwani tutaelewana. Ukipanda boti kwenda kisiwani, nahodha anaonekana kama mtu aliyekaa tu kashika usukani anatafuna muwa. Lakini anaangalia rangi ya maji, anaangalia wingu lililosimama upande ule, anasikia upepo umegeuka shavu la pili, na ataamua mapema kutia nanga au kurudi kabla wewe abiria hujajua kuna jambo. Nahodha mbaya anasubiri maji yaingie ndani ndo apige simu. Boti ya uokoaji lazima iwepo, hakuna anayebisha, lakini huwezi kuweka boti ya uokoaji nyuma ya kila mtumbwi, na hata ukiweka haiwezi kufidia nahodha asiyesoma maji.

Sasa mkunga maji yake anayasoma vipi? Mdogo wangu alipokuwa leba alikuwa anaona mtu anakuja anampima, anaandika, anaondoka, anarudi, anaandika tena, akawa anaudhika, wananiandika nini hawa. Ile ni chati. Wanaangalia njia imefunguka kiasi gani (mwisho ni sentimita 10, na Shirika la Afya Duniani siku hizi linasema uchungu wenyewe hasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5, ndo maana ukienda na 2 unaambiwa tembeatembea kwanza na wewe unaona umenyanyaswa). Wanaangalia presha na joto la mama. Wanahesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Na kale kabomba wanakobana kati ya tumbo lako na sikio lao ni ka kusikiliza moyo wa mtoto, ambao kwa kawaida unapiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, wetu sisi wakubwa tumetulia ni 60 mpaka 100. Wa mtoto ukishuka chini ya 110 na usirudi, anaomba msaada. Vitu vyote hivyo vikichorwa pamoja vinatoa picha, na picha ikianza kwenda upande mbaya ndo simu inapigwa.

Binamu yangu anasema kuzalisha unaweza kumfundisha mtu, ugumu uko kwenye kuamua saa nane usiku ukiwa peke yako kwamba huyu nimpe rufaa sasa hivi, wakati mume wake yupo nje anasema mbona yule wa jana mlimzalisha hapa hapa.

Kwani anaruhusiwa kufanya nini?

Watu wanadhani mkunga kazi yake ni kudaka mtoto na kukata kitovu. Kumbe kwenye huduma za dharura za uzazi duniani kuna orodha ya mambo saba ya msingi ambayo mkunga aliyefundishwa na kuwezeshwa anaweza kuyafanya bila chumba cha upasuaji. Kuchoma antibayotiki mama akipata maambukizi. Kutoa dawa ya kubana mfuko wa uzazi damu isimwagike. Kutoa dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Kutoa kondo la nyuma kwa mkono likigoma kutoka. Kusafisha mabaki mimba ikiharibika. Kumsaidia mtoto atoke kwa kile kifaa cha kunyonya kichwani. Na kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa kimya. Ukiongeza upasuaji na kumuwekea mama damu yanakuwa tisa, na hayo mawili ndo yanahitaji kituo cha afya kilichokamilika au hospitali.

Sisemi kila zahanati inayafanya yote saba, nyingi hazifiki, mara kifaa hakuna, mara aliyefundishwa kahamishwa. Lakini ukiiangalia hiyo orodha halafu ukakumbuka kwamba akina mama wanaokufa kwa uzazi wengi wanakufa kwa kutoka damu, kifafa cha mimba na maambukizi, utaona kwamba mtu wa kwanza kati ya mama na kifo ni mkunga, kabla hata gari la wagonjwa halijawashwa.

Nikae kidogo kwenye damu maana ndo inayoua haraka. Mama mwenye afya zake nzuri akivuja sana baada ya kujifungua anaweza kuondoka ndani ya masaa mawili. Ndo maana mtoto akishatoka tu, mama anachomwa sindano ya oksitosini, ili mfuko ujikunje na mishipa ifunge. Na hapa kuna uvumi mmoja mkubwa sana mtaani, kwamba "walimchoma sindano ya uchungu". Dawa ni hiyo hiyo moja lakini kazi mbili. Ikitolewa baada ya mtoto kutoka, inazuia damu, kila mama anastahili kuipata. Ikitolewa kabla, kwenye dripu, inaongeza uchungu, na hiyo inataka hospitali na mtu wa kukuangalia muda wote, maana ikizidi mfuko unaweza kupasuka. Zile dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu tunazopewa kwenye kikombe na mama mkwe ubaya wake uko hapo hapo, hakuna anayejua kipimo, umeshameza, hakuna bomba la kufunga. Na mkunga hajui umekunywa kwa sababu umeambiwa usimwambie. Jamani mwambieni.

Halafu oksitosini inataka kukaa kwenye baridi. Kwa hiyo zahanati ya kisiwani isiyo na umeme wa uhakika mkunga anaweza akachoma sindano iliyokufa nguvu bila yeye kujua. Na kuhusu damu hiyo hiyo, kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, ulifanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kilichofanyika sio maajabu, mama analazwa juu ya mfuko wa plastiki wenye alama kama jagi la kupimia ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikifika alama mkunga anafanya mambo yote pamoja bila kusubiri, anakanda tumbo, anatoa dawa, anaweka dripu, anakagua imetoka wapi. Matatizo makubwa ya damu yalipungua kwa asilimia 60. Ni jagi hilo, pamoja na mkunga aliyeruhusiwa kuanza mwenyewe bila kwenda kumtafuta mkubwa.

Na kwa vichanga ni hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa 2013 kwenye hospitali nane za hapa Tanzania ulionyesha kwamba watu wa leba, wengi wao wakunga, walipofundishwa kumkausha mtoto, kumchangamsha na kumpa hewa kwa kamfuko na kabarakoa ndani ya dakika moja ya kwanza, vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Karibu nusu. Kwa dakika moja.

Sasa na bibi je?

Mama mkubwa alikasirika kidogo nilipogusa hapa, nitajitahidi kumtendea haki bibi yake.

Miaka ya 1970 na 1980 dunia nzima ilikuwa inawafundisha wakunga wa jadi. Mwaka 1978 ulifanyika mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi, yaani zile huduma za karibu na unapoishi, na wakunga wa jadi walihesabika kuwa sehemu yake. Walipewa mafunzo, walipewa vifaa, walipewa nyembe safi. Baada ya miaka ya kutosha ikaonekana vifo vya akina mama havishuki kama ilivyotegemewa, na sababu haikuwa ujinga wa bibi, bibi alikuwa mjuzi na mwenye mkono mzuri. Tatizo ni kwamba kwenye damu mkono peke yake hautoshi. Bila sindano, bila dripu, bila gari, anayejua na asiyejua wanabaki wote wanamtazama mama anaisha. Kuanzia miaka ya 1990 mwelekeo ukageuka, na 2004 mashirika ya kimataifa yakakubaliana mhudumu mwenye ujuzi ni nani, wakunga wa jadi wakawa nje ya orodha hata wakiwa wamefundishwa.

Ila wakati wa kumtoa bibi tuliondoa na vitu ambavyo hatukuvirudisha. Bibi alikuwa anakaa na wewe usiku mzima. Alikuwa anakusalimia mwangaluka mayu na kukuuliza mama yako hajambo. Hakukuuliza pamba ziko wapi, glavu ziko wapi, mpira wa kuzalia uko wapi. Hakukufokea. Mwanamke wa kijijini anapomchagua bibi sio kwamba hajasikia tangazo la redio, kasikia, kapiga hesabu yake, na heshima imo kwenye hesabu.

Na hili la wakunga wakali nisilipite. Ni kweli. Mimi wa kwangu wa kwanza nilitukanwa leba mpaka leo nikipita ile njia moyo unakunjamana, na wanawake wengi wakikaa wenyewe wataku­simulia. Haina utetezi. Ninachojua sasa ni kwamba yule aliyenitukana alikuwa mmoja kwa wanawake sijui wangapi tuliolala wengine chini, na hiyo haimsafishi ila inaeleza kwa nini ukimtoa ukamleta mwingine, na yeye baada ya miezi sita anaanza kufoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wake wa kumchagua mwenyewe wa kukaa naye leba, na binamu yangu anasema akiwepo ndugu na mikono ya kusaidia inaongezeka na mdomo wa nesi unapungua.

Kutambuliwa maana yake nini basi

Kila tarehe 5 Mei ni Siku ya Wakunga Duniani, wiki moja kabla ya ile ya wauguzi ya tarehe 12, na utaona maandamano na vitenge na hotuba. Methali ya usitukane wakunga na uzazi ungalipo tunaitumia kwenye siasa, kwenye mpira, kwenye mapenzi, kila mahali isipokuwa tunapowaongelea wakunga.

Binamu yangu anasema kitenge anapokea, lakini shida yake ni nyingine. Yeye kwenye karatasi za kazi ni muuguzi. Kwa hiyo akipelekwa leba akakaa mwaka mmoja, mkono ukaiva, macho yakazoea, wanamzungusha, unaambiwa mwezi ujao uko dirisha la sindano, mwezi unaofuata uko chanjo, na leba anapelekwa aliyetoka wodi ya wanaume. Kwa wanaopanga zamu ni sawa kabisa, nesi katoka nesi kaingia, idadi haijapungua. Kumbe leba imepoteza nahodha. Ukitaka kujua mkoa una wakunga wangapi wanaofanya ukunga leo, hilo swali ni gumu kuliko unavyodhani, maana wote wamehesabiwa kwenye kapu moja, na usichokihesabu huwezi kujua kimepungua.

Ndo maana ripoti ya dunia ya 2021 kuhusu wakunga ilitaka wahesabiwe na wapangwe kama fani inayojitegemea. Ilisema dunia ina upungufu wa wakunga 900,000, na kwamba wakipatikana kila mahali, wakafundishwa vizuri na kuwezeshwa, vifo vya akina mama vinaweza kupungua kwa asilimia 67 na vya vichanga kwa asilimia 64. Na wanaweza kubeba karibu asilimia 90 ya huduma za msingi za uzazi, pamoja na vitu vya kliniki kama vidonge vya damu, kinga ya malaria, vipimo vya Ukimwi na kaswende, vijiti na vitanzi vya uzazi wa mpango. Huku kwetu ongezea kichocho, maana sisi tunafua na kuoga ziwani, na mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya mwanzo anaweza kutibiwa, kwa hiyo uliza.

Tanzania imepiga hatua, lazima tuseme. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitoa vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukatoa 104, na Februari 2025 Rais Samia alipewa tuzo na taasisi ya Gates kwa ajili hiyo. Wanaojifungua mikononi mwa mtu mwenye ujuzi walitoka asilimia 64 wakafika 85. Katikati ya hizo namba kuna majengo, kuna magari, kuna mfumo wa m-mama wa kumfikisha mjamzito au kichanga hospitali kwa dharura, ambao majaribio yake yalianzia hapa hapa kwetu, Sengerema, pamoja na Shinyanga, unapiga 115 bure na kama gari la wagonjwa liko mbali anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Kuna daraja la Kigongo-Busisi la kuvuka ziwa lililofunguliwa Juni 2025, na aliyewahi kukaa pale kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa ndani ya gari anajua naongelea nini. Lakini daraja linafupisha njia, haliamui nani avuke na saa ngapi. Hilo linaamuliwa upande wa huko, na mtu mmoja mwenye chati na kale kabomba.

Wanaume, ndiyo, ni wakunga, wanasoma darasa moja na leseni ni ile ile. Una haki ya kuomba mwanamke kama yupo, ila kama zamu ya usiku ni yake peke yake usitoke na uchungu wako kwenda kutafuta bodaboda.

Jumatano mdogo wangu alimrudisha mtoto kliniki kwa ukaguzi wa wiki ya kwanza, safari hii shemeji akaenda naye. Nilikuwa nimemlisha maneno yote haya kwa simu. Akanisimulia kwamba walimkuta yule yule dada wa usiku ule, akamkumbuka mtoto kabla hajamkumbuka mama, akamfungua, akamuangalia kitovu, akamuangalia macho, akamuuliza mama kuhusu damu na usingizi na kama analia bila sababu. Shemeji akajikaza, akamwambia, samahani dada, kumbe wewe ni mkunga, sisi tulikuwa tunakuita nesi.

Yule dada akacheka, akaendelea kumfunga mtoto nepi. "Niite nesi tu shemeji, nimeshazoea. Halafu leo mmeniwahi, kuanzia Jumatatu nipo dirisha la sindano."